Bingwa wa Gari Jekundu

Wapendwa, palikuwa na seremala mmoja ambaye ujanani alikuwa bingwa wa mashine ya gemu. Ile ya mbio za magari, yenye viti viwili, kila kimoja na usukani wake na kioo chake. Aliendesha gari jekundu kando ya bahari, na hakuna aliyemfikia. Mashine iliandika jina lake juu kabisa. Habari hiyo aliwasimulia wakwe, akawasimulia watoto, mpaka mkewe akaijua kama sala.

Siku moja walipita mji ule wa ujana wake, wakaukuta ukumbi wa gemu bado upo, na mashine ipo, imechakaa tu. Akamshika mkewe mkono. "Mama Tumsifu, njoo uone jina langu."

Majina yakapita kwenye kioo. Lake halikuwamo.

Akamgeukia mwenye ukumbi, mzee sasa. "Nani alinifuta?"

"Hakuna, mwanangu. Hii ikizimwa husahau. Hata enzi zako, kila asubuhi niliiwasha haina jina la mtu."

"Mbona kila siku nililikuta?"

"Hukulikuta. Ulikuwa wa kwanza kuingia, ukashinda upya."

Ndugu zangu, mmewahi kujivunia kitu miaka na miaka, kumbe kilikufa jioni ile ile? Yule bwana akataka waondoke.

Lakini mkewe alikwisha kaa. "Mimi sikuja kusoma jina, Baba Tumsifu. Nifundishe."

Mumewe akakaa kiti kilichobaki, shingo upande. Magari yakaondoka. Yeye akatangulia kama kawaida yake, lakini masikio yakawa kwa mkewe, aliyekuwa akiliomba radhi kila gari aliloligonga. Kisha mama akaingia baharini, akatoka, akaanza kurudi walikotoka.

"Unakwenda wapi?"

"Huku kuzuri zaidi."

Bwana akacheka. Akapunguza mwendo, akageuza gari jekundu, akamfuata. Muda ukawaishia wote wawili njiani, wala hawakuuona mwisho wa barabara. Walikuwa wakicheka hadi mama akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Mwenye ukumbi akasema, "Bwana mdogo, ulishinda hapa kila siku, na sikuwahi kukuona ukicheka."

Mnasikia hayo? Sisi nasi tunakimbilia jina. Jina kwenye jiwe la msingi, jina kwenye kadi ya harusi, jina la kutajwa hapa mbele nimsimamishe mtu apigiwe makofi. Nani amekaa kiti cha pili? Tumemwacha wapi? Mungu hakutupa mwenzi wa safari ili tumwonyeshe kisogo. Basi leo mkitoka mlangoni, msitangulie. Kila mmoja amsubiri wake, hata kama anakokwenda siko.