Klipsi za Mlango wa Mwajabu

Hapo zamani, si zamani ya kale, ni zamani ile ya juzi ambapo kioo cha gari kilishushwa kwa kuzungusha mkono, palikuwa na gari la kijani katika milima ya Usambara. Mwenyewe alikuwa Babu Shekiondo. Rangi ilikuwa imechujuka, mlango wa kulia wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa waya, kioo chake hakishuki kamwe, na usukani ulilia kama mbuzi kwenye kila kona. Lakini mabinti wote wa nyumba ile waliolewa kwa gari lile. Wote!

Na nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Bibi harusi akishaingia garini na mlango ukafungwa, haufunguliwi tena mpaka afike kwa mume. Gari linapita polepole langoni. Hapo langoni Bibi, mke wa Babu Shekiondo, ameketi kwenye kiti chake, maana miguu yake haina nguvu ya kusafiri. Bibi harusi anashusha kioo, anatoa mkono, na Bibi anampa kanga. Si kanga mpya ya dukani, wanangu. Ni kanga ambayo Bibi ameivaa siku zote za matayarisho, yenye moshi wa jiko lake na harufu yake mwenyewe. Binti akiikosa, ameondoka bila Bibi.

Basi ikafika zamu ya Mwajabu.

Asubuhi ya harusi Mwajabu alikuwa amekaa chumbani, karibu na dirisha linalotazama uani, viganja vyenye hina mbichi vimelazwa juu ya mto. Pembeni yake alikaa somo yake aliyemfunda, Bi Zena, akimlinda kama mtu anayelinda maziwa yasichemke yakamwagika.

Uani, Hatibu, kaka yake Mwajabu, alikuwa akiosha gari. Akazungusha mkono wa kioo cha mlango wa nyuma wa kushoto, ule wa bibi harusi. Kriii! Mkono ukazunguka, kioo kikabaki palepale.

"Babu! Kioo kimegoma!"

"Kizungushe kiume!"

"Nimekizungusha kiume, kike na kitoto, Babu. Hakitaki!"

Mwajabu akasimama ghafla. Kanga ya Bibi!

"Mikono, mwali, mikono!" akafoka Bi Zena. Mwajabu akaketi, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha ruka dirishani.

Babu Shekiondo akatoka akipapasa kwa fimbo yake. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hata gari hakuliendesha tena. Akaugusa mlango, akatikisa kichwa.

"Sikilizeni nyote," akasema. "Atakayefanya kioo hiki kishuke, ndiye atakayemwendesha Mwajabu leo. Na ufunguo abaki nao. Gari ni lake."

"Kabisa, Babu?"

"Kabisa!"

Loo! Ua mzima ukachangamka.

Hatibu ndiye aliyeanza. Alichukua bisibisi, akaichomeka ukingoni mwa kava la mlango. Sasa, kava lile limeshikwa na vibanio vidogo vya plastiki ambavyo mafundi huviita klipsi. Kimoja si kikubwa kuliko kifungo cha koti. Na hivi vilikuwa na umri kumpita Hatibu, tena vimelala nje katika baridi ya mlimani.

Hatibu akavuta. Tak! Klipsi ya kwanza ikavunjika.

Akavuta. Tak! Ya pili.

Akavuta tena. Tak!

"Unavunja mbavu za gari langu!" akapiga kelele Babu.

"Mikono, mwali, mikono!"

Hapo akatoka jikoni Shangazi Tausi, dada wa baba yake Mwajabu, yule anayeteremsha pikapu ya mboga mpaka Mombo akiimba kwenye kona zote. Mkono mmoja una mwiko, mwingine una chupa ya chai.

"Ondoa chuma chako hicho, mwanangu. Plastiki kuukuu kwenye baridi ni kama biskuti."

"Shangazi, huu si wakati wa kuninywesha chai."

"Nani kakwambia chai ni yako? Naunywesha mlango."

Watu wakacheka. Lakini ndani ya chupa hamkuwa na chai, mlikuwa na maji ya moto. Tausi akalowesha kitambaa, akakibana ukingoni mwa kava, akangoja. Hatibu akataka kusema neno, akanyamazishwa kwa jicho. Kisha Tausi akapenyeza mwiko, ule upande wake bapa, akainua taratibu.

Puk! Klipsi ikatoka nzima.

Kitambaa, ngoja, mwiko. Puk!

Kitambaa, ngoja, mwiko. Puk!

Chumbani, Mwajabu naye alikuwa akisema "puk" kimyakimya kila klipsi ilipotoka. Kava likabanduka, mlango ukabaki uchi, bati tupu lenye mashimo.

Sasa ikawa kazi ya mkono mrefu. Hatibu akauingiza wake ndani ya mlango mpaka begani, akawa anatafuta bila kuona, shavu limebanwa na bati.

"Naigusa roda, kile kigurudumu cha kioo... imetoka kwenye reli... aa, imeniponyoka!"

"Toa mkono, bati litakukata!" akasema Tausi.

"Limeshanikata. Niache!"

Akasukuma, akauma meno, akasukuma tena. Kle! Roda ikaingia kwenye reli. Kioo kikashuka, na mkono wa Hatibu ukatoka na damu tangu kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Vigelegele vikapasua ukungu wa mlimani!

Lakini mngoje kwanza kushangilia. Walipokipandisha kioo na kulirudisha kava, upande wa chini haukuwa na cha kuushika, maana klipsi za pale ndizo zilizovunjwa. Kava likatoa kitambi, likaegemea mkono wa kioo. Kuzungusha kidogo tu, mkono ukakwama.

"Tulitupe hilo kava," akasema Hatibu.

"Ili bati lichane gauni la mwali wangu?" akajibu Bi Zena kutoka dirishani. "Jaribu uone!"

"Duka la vipuri liko Mombo," akasema Tausi kwa sauti ya chini. Na kila mtu alijua: kuteremka Mombo na kupanda tena, harusi ingekuwa imekwisha.

Mwajabu akaitazama kanga ikipita barazani mabegani mwa Bibi, macho yakamlowa.

Pii! Piii! Ndipo akaingia Mjomba Singano, kaka wa mama yake. Gari lake lilikuwa ndugu pacha wa gari la Babu, umbo lilelile, milango ileile, ila lake lilitunzwa likang'aa. Siku hiyo lilikuwa limefungwa riboni mbele na nyuma, kwa sababu ndilo lingeongoza msafara. Tangu mahari ilipopokelewa Singano hakuwa na habari nyingine: "Mimi ndiye wa mbele!"

Wakamweleza. Akautazama mlango wa Babu. Akalitazama gari lake. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Tausi," akasema, "lete huo mwiko wako."

"Mjomba, gari lako!" akapaza sauti Mwajabu dirishani.

"Nyamaza, mwali! Nisije nikabadili nia."

Kitambaa, ngoja, mwiko. Puk! Puk! Puk! Klipsi za Singano zikatoka moja moja, na kava la mlango wake likaanguka miguuni pake. Akalifunga kwa kamba ya katani, akazifungua riboni zake kwa mkono wake mwenyewe.

"Gari la kamba haliongozi msafara," akasema. "Nitakuwa wa mwisho."

Klipsi zikaingia kwenye mlango wa Babu. Pa! Pa! Pa! Kioo kikashuka, kikapanda, kikashuka, kikapanda.

Alasiri ndoa ilikuwa imekwisha fungwa. Mwajabu akaingizwa garini na mlango ukafungwa. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Babu akapitisha ufunguo juu ya kioo kilichoshushwa kidogo, akauweka kwenye kiganja cha Mwajabu, chekundu kwa hina.

"Mimi sikuona kitu, mjukuu wangu. Wewe ulikuwa dirishani, umeona yote. Chagua."

Hatibu akasogea, mkono umefungwa kitambaa. "Dada, klipsi hazishushi kioo. Kioo kinashushwa na roda, na roda nimeirudisha mimi, kwa damu yangu. Nilivunja, nakubali. Lakini nani mwingine aliyethubutu kuanza?"

Shangazi Tausi akasogea, vidole vimenyauka kwa maji ya moto. "Mwanangu, bila mwiko wangu zisingebaki klipsi za kurudisha, wala za Singano zisingetoka nzima. Mimi mwenyewe niliolewa kwa gari hili. Nimepewa kanga kwenye dirisha hilohilo. Usukani wake sijawahi kupewa hata siku moja."

Mjomba Singano akasogea, viganja vina alama za kamba. "Mimi sikuingiza mkono, wala sikushika mwiko. Wao walitoa kazi, Mwajabu. Mimi nimetoa gari langu na nafasi yangu."

Matarumbeta yakaanza kulia barabarani. Langoni, Bibi alikuwa ameshaivua kanga mabegani, ameikunja, ameishika kwa mikono miwili.

Mwajabu akazungusha mkono wa kioo. Kioo kikashuka chote. Akautoa mkono wenye hina, ufunguo ukiwa kiganjani, na mikono mitatu ikainuka kuupokea: mmoja una kidonda, mmoja umenyauka, mmoja una alama za kamba.

Haya, wanangu, Bibi anangoja na gari haliendi bila dereva. Mngekuwa ninyi ndio Mwajabu, ufunguo ule mngempa nani?