Kwa Nini Tunalipigia Hodi Tao la Mfalme

Hebu simameni hapo hapo kwanza, msivuke. Ninyi kina mama wa Pangani, najua baridi inawang'ata miguu, na najua kila mmoja anawashwa mkono kupiga picha. Hata mimi bado hulikodolea macho, na nimelipita tao hili miaka thelathini na moja. Lakini hapa mtu wetu hapiti kabla hajapiga hodi, na mimi Kazija ndiye wa kuulizwa ilianzaje, maana aibu yenyewe ilikuwa yangu.

Zamani hizo tao hili lilikuwa bubu. Lilisimama hivi hivi katikati ya uwanja, mawe matupu, refu kupita minazi miwili, na farasi wale wa shaba juu yake. Wenyeji husema mfalme wao alilijenga apite chini yake siku moja tu, akirudi kutoka vitani. Siku moja, jamani! Kushoto hakuna ukuta, kulia hakuna ukuta, nyuma yake hakuna nyumba. Ni mlango basi. Waswahili tuliokuwa mjini tulikuwa wa kuhesabika, na tulilipita kimya, kila mtu kainamia kola ya koti lake, hakuna anayemjua mwenzake.

Mimi nilikuwa nafagia uwanja huu. Koti la rangi ya chungwa, ufagio mkononi, kuanzia alfajiri mpaka saa nane mchana. Leo naisema kazi hiyo bila kuona haya. Wakati ule afadhali ningemeza ulimi. Nyumbani niliagwa kwa vigelegele, na dada yangu Mwantumu, aliyenilea tangu mama alipofariki, alimwambia kila mtu kwamba mdogo wake anakwenda kuwa mtu mkubwa Ulaya. Basi nikamtumia postikadi yenye picha ya tao hili, na nyuma yake nikaandika, "Dada, huu ndio mlango wa kwetu."

Nikajidanganya kwamba sikusema uongo. Si mlango? Si huku kwetu? Lakini nilijua fika dada ataelewaje, naye akaelewa hivyo hivyo. Mtaa mzima ulionyeshwa mlango wa Kazija wenye farasi. Barua zikaja kuuliza vyumba vingapi, nikajibu vingi. Zikauliza kama kuna bustani, nikapanda bustani kwa kalamu. Mwisho uongo ukanielemea, nikaacha kuandika kabisa. Miaka minne dada hakupata hata mstari wangu mmoja.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, nikiwa nafagia nyuma ya nguzo ile ya kushoto, nikasikia sauti ya mwanamke upande wa pili ikisema hodi.

Wallahi ufagio uliniponyoka. Nikachungulia. Dada Mwantumu huyo, amevaa buibui na juu yake koti la kiume la kuazima, mkono mmoja kikapu cha ukili, mkono wa pili postikadi yangu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuja na kikundi cha wasukaji wa mikeka walioalikwa kwenye maonyesho, na kwamba jioni ile ile walikuwa wanarudi. Wenzake walikuwa nyuma yake wakionyeshana farasi na kucheka kwa furaha, kama ninyi mlivyoshuka kwenye tramu sasa hivi. Yeye alikuwa amesimama wima kabisa. Amefika mlangoni kwa mdogo wake, na mtu aliyelelewa haingii kwa watu hivi hivi, hata mlango uwe wazi namna gani.

Nami nikajibanza nyuma ya nguzo na koti langu la chungwa.

Desturi mnaijua. Hodi ya kwanza, huenda mwenyewe yuko uani. Ya pili, huenda anajifunga kanga. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni anageuka anakwenda zake, wala hana lawama. Dada akapiga ya pili, kwa nguvu zaidi, mpaka wazungu wakaanza kumtazama. Niliogopa mno. Nikitoka, ataona ufagio, na Pangani yote itajua. Nisipotoka, dada yangu ataondoka mlangoni kwangu bila jibu, na nilimjua vizuri, hatarudi tena.

Akapiga ya tatu. Hii aliipiga polepole, akangoja, akaikunja postikadi akaitia kikapuni. Halafu akanigeuzia mgongo.

"Karibu!" Neno lilinitoka lenyewe. "Karibu dada, karibu ndani!"

Kumbe sikuitika peke yangu. Dereva wa tramu aliyekuwa anakunywa kahawa pale kituoni aliitika. Binti mmoja aliyekuwa anasukuma kigari cha mtoto aliitika. Watu niliokuwa napishana nao miaka na miaka, kumbe wa Lamu na wa Kilwa! Hodi ilipowafika, ikawa kama wamo vyumbani mwao.

Dada akaja mbio chini ya tao, mtu mzima yule, kikapu kinamrukaruka. Nikampa shikamoo huku nalia. Akaitikia marahaba. Akalitazama koti, akautazama ufagio, akainua uso, akaona mawingu. Nilijua sasa nasemwa.

"Mdogo wangu," alisema, "nyumba yako kubwa, na umeifagia vizuri. Ila mbona haina dari?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye mawe, dereva naye akicheka, tramu imejaa watu inamsubiri.

Na tangu siku hiyo hakuna Mswahili anayelivuka tao hili kimya. Anayefika hupiga hodi, na yeyote wetu aliye upande wa pili humwitikia, amjue asimjue, awe na suti au awe na ufagio. Ndivyo tulivyojuana mji mzima. Dada Mwantumu tulimzika Pangani mwaka juzi, na mpaka leo sijasahau alivyonigeuzia mgongo.

Haya, natangulia upande wa pili. Pigeni kwa sauti, masikio yangu siku hizi mazito. Nami nitaitika ile ya kwanza.