Maneno Yaliyomshinda Kapteni

Bi Saumu, muuza kahawa wa sokoni, alimfanyia mzaha Jenerali aliyeipindua serikali, na Kapteni Ndimbo akamsikia kwa masikio yake. Kesho yake Bi Saumu alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Sheria ya Jenerali ilikuwa kali: kutamka neno la kumkashifu, popote na kwa sababu yoyote, ni kifungo cha maisha.

"Unakiri kosa?" jaji aliuliza.

Bi Saumu alijibu kwa sauti tulivu. "Mheshimiwa, kutwa nzima nasema mengi, nasahau. Kapteni anikumbushe tu nilisema nini, nami nitakiri hapa hapa."

"Haya, Kapteni, sema."

Kapteni alisimama kikakamavu. "Alisema kwamba Jenerali ni..." Akawatupia jicho askari wenye bunduki mlangoni. Jasho likamtoka.

"Ni nini?" jaji alifoka.

"Ni... ni shujaa, mheshimiwa."

"Hayo hasa ndiyo niliyosema, baba," Bi Saumu alidakia. "Nakiri."

Jaji alimgeukia Kapteni taratibu. "Kwa hiyo mama huyu ulimkamata kwa kumsifu Jenerali?"

Bi Saumu alirudi sokoni kuwasha jiko lake. Kapteni alibaki kizimbani, akijieleza.