Pua ya Kuazima

Kichungu hudondoshwa, hakimiminwi. Ndivyo nilivyomwambia Tito asubuhi ya leo, alipomweleza dada yake mbele ya ukoo mzima kwamba sauti yake haifai kwaya. Dada mtu analia, Tito anashikilia kuwa amesema kweli tu, na ninyi mmenizunguka mnauliza msemo huo nimeutoa wapi. Haya, kaeni. Sikuutunga mimi. Ulitoka nyumbani kwa mama yangu mkubwa, Rahabu, kule Muheza, na asili yake ndiyo hii.

Mume wa Rahabu aliitwa Hosea. Ujana wake wote alifanya kazi ya baa katika klabu ya mabwana wa shamba la mkonge, akiwachanganyia vinywaji. Huko alizoea kichupa cha maji meusi, machungu, yenye harufu kali ya viungo, ambayo hakuna aliyeyanywa bila kuyachanganya. Kazi yake ilikuwa matone tu. Kinywaji kitamu kikipata matone hayo, utamu unatulia na harufu inaamka. Alipostaafu, Hosea aliamua kujitengenezea yake. Alichukua madanzi, yale machungwa machungu ambayo hata watoto hawayaibi, akaanika maganda yake, akayaloweka katika pombe kali pamoja na karafuu, mdalasini na mizizi aliyoijua mwenyewe, mpaka maji yakageuka meusi. Pale nyumbani waliyaita machungu ya Baba.

Kila Jumapili wakitoka kanisani, Hosea alichanganya juisi ya nanasi, tangawizi na pombe kidogo ya miwa, kisha akainamia glasi kudondosha machungu yake. Hakuwa mtu wa kuhesabu matone. Aliiachia pua: harufu ikimfikia, mkono unasimama. Glasi ilikuwa moja tu, ya mkewe, kwani mwenyewe hakunywa pombe, naye Hosea alikaa akimtazama mpaka aseme, "Umepatia, Baba Damari." Niliwaona kwa macho yangu, na mpaka leo nikiwakumbuka moyo wangu hulainika.

Sasa, uzee hauji mikono mitupu. Uwezo wa kunusa ulimtoka Hosea polepole, naye asitambue. Akiinamia glasi alingoja harufu, harufu haiji, basi anaongeza. Tone likawa matone, matone yakawa mchirizi. Rahabu alikunywa hivyo hivyo. Ulimi ulimfa ganzi, koo likamkaba, lakini alimeza na kusema, "Umepatia." Miguu ya mumewe ilikuwa imeshachoka, shamba lilikuwa linalimwa na wengine, na kuchanganya vinywaji ndiyo kazi pekee iliyokuwa imembakia. Rahabu hakuwa na moyo wa kumnyang'anya. Msidhani namsifu kwa kuficha jambo lile. Alikosea, na tumbo lake lilimwambia kila Jumapili.

Ndipo binti yao Damari akachumbiwa. Wazee wa upande wa mchumba walikuwa waje kula chakula, na Hosea aliapa kwamba atawachanganyia wote kwa mkono wake. Siku chache kabla ya ugeni, Damari alionja glasi ya mama yake, akakimbilia nyuma ya jiko kutema.

"Mama, hiki kitu hakinyweki! Wakwe watatema mbele yake, aaibike. Naenda kumwambia sasa hivi kwamba pua yake imekufa."

Rahabu alimshika mkono. "Ukimwambia hivyo atakuamini. Lakini hataishika tena ile chupa maisha yake yote. Niachie mimi."

"Mama, wageni wanakuja Jumamosi!"

"Niachie, mwanangu."

Siku ile Rahabu alimwambia mumewe jambo moja tu, kwamba machungu yamezidi kidogo. Hosea akacheka, akasema madanzi ya mwaka huu ni makali, na Rahabu hakubisha. Kesho yake maandazi yaliungua jikoni, moshi ukatoka, na Hosea alikuwa amekaa palepale mlangoni amelipa jiko mgongo. "Hukusikia harufu, Baba Damari?" Rahabu alimuuliza kwa upole, akaenda kuepua. Mimi mama mkubwa namjua, hakuwa mtu wa kuunguza maandazi, lakini hilo sikuwahi kumuuliza. Hosea alishinda mchana kutwa akilitazama lile jiko.

Siku iliyofuata alichuma danzi mwenyewe, akalikata, akalisogeza puani. Akalisogeza tena. Rahabu alikuwa akipepeta mchele karibu naye, akaacha kupepeta.

"Mama Damari, sisikii kitu."

"Najua, mume wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua za vuli."

"Na Jumapili zote hizo ulikuwa unakunywa?"

"Nilikuwa nakunywa."

"Yote?"

"Yote."

"Si ungemwaga, mke wangu!"

"Ningemwagaje? Ulikuwa unanitazama."

Hosea alilia. Rahabu akaweka ungo chini, akamfuta machozi kwa upindo wa kanga yake, naye pia analia. Walipotulia, Hosea alisema, "Kumbe lile neno la juzi, na yale maandazi, ulikuwa unanionjesha kidogo kidogo."

"Si wewe uliyenifundisha? Kichungu hudondoshwa, hakimiminwi. Ningekumiminia chote kwa mara moja, ungeweza kukimeza?"

Hosea alitikisa kichwa. "Basi, wakwe tuwape chai."

"Chai wanayo kwao. Watakunywa cha kwako. Mkono si bado unao? Pua nitakuazima yangu."

Jumamosi wageni walijaa. Hosea alikaa mezani na chupa yake, Rahabu akasimama nyuma yake, mkono begani. Hosea alidondosha. Harufu ilipomfikia Rahabu, alimbonyeza bega, na mkono wa Hosea ukasimama. Wakaenda hivyo glasi kwa glasi, wageni wakidhani ni mahaba tu ya wazee. Kiongozi wa wageni, mzee mmoja mkali aitwaye Mntambo, alikunywa, akaitazama glasi, akanywa tena.

"Nani amechanganya hiki?" aliuliza.

Damari alisimama na sinia mkononi. Hosea angeweza kusema "mimi" na yakaisha, maana hakuna mgeni aliyejua.

"Mkono ni wangu," Hosea alisema. "Pua ni ya mke wangu. Yangu imekufa."

Mzee Mntambo aliutazama ule mkono uliokuwa begani. Kisha akawageukia wenzake, akasema, "Mimi sina swali jingine kuhusu nyumba hii."

Damari aliolewa. Siku ya kumuaga, Hosea alimwita kando akampa kichupa kidogo cha machungu, wanawake wazee wa ukoo wakacheka kwamba bibi harusi anapewa dawa ya tumbo. Hosea hakucheka. Alimshika binti yake mikono miwili, akamwambia, "Mumeo atakosea, mwanangu, na wewe ndiye utakayemwambia, kwa sababu utakuwa karibu naye kuliko wote. Siku hiyo mkumbuke mama yako. Kichungu hudondoshwa, hakimiminwi."