Kipimo Hakikosei

Bwana Ngwali, mwenye hoteli, alimfukuza mpishi wake Chaurembo kwa sababu kipimo cha tabia cha kwenye simu kilisema ni mkorofi.

"Kipimo hakikosei!" alifoka.

Chaurembo alivua aproni taratibu, akatoa simu.

"Sawa, bosi. Sikia na majibu haya: 'Kwa nje umetulia, ndani una wasiwasi. Una huruma, ila watu hawakuelewi.'"

Bwana Ngwali aliruka. "Ni mimi huyo! Mimi kabisa!"

"Mwenye tabia hiyo anafaa kazi?"

"Hata umeneja!"

"Basi kamfungue kamba. Ni beberu wako wa Idi. Nilimsomea maswali, akilia nabonyeza ndiyo, akitafuna nabonyeza hapana. Aanze leo, bosi, au nirudi jikoni?"