Kuni za Mtoto wa Sekela

Fsss. Fsss. Kisha, tah! Ukisikia mlio huo ukitoka nyumbani kwa mtu, kabla hata hujauona moto wenyewe, jua kwamba ndani kuna ubichi unaolazimishwa kuwaka na kuna mtu anafuta machozi. Ndiyo maana watu wa milimani husema: Kuni mbichi huwaka machoni. Nyinyi vijana mmelisikia leo likisemwa juu ya jirani aliyeanza kujenga ghala mahindi yakiwa yameshavunwa, mkacheka, kisha mkauliza limetoka wapi. Lilianza hivi.

Katika kijiji cha Igembe, juu kabisa ambako mwezi wa Juni sakitu, ule umande ulioganda, huunguza majani ya viazi, mama aliyejifungua hatoki ndani mpaka kitovu cha mtoto kidondoke, na moto wao hauzimwi. Kuni za moto huo ni kazi ya baba. Wanaume wa kule huzikata mimba ikiwa bado changa, wakazipasua na kuzipanga chini ya upenu zipigwe na upepo.

Ambilikile, ambaye mkewe Sekela alikuwa mjamzito, hakupanga hata ukuni mmoja. Wala hakuwa mvivu. Shoka lake lilisikika mpaka ng'ambo ya bonde, na yeye alipenda lisikike. Alitangaza kwamba mtoto mpya huoteshwa moto wa mti mpya, kwamba wake hatapashwa moto kwa magogo yaliyozeeka. Jirani yake, mzee Asajile, ambaye nyumba yake ilikuwa imevaa kuni mpaka madirishani, alipojaribu kumkumbusha, Ambilikile alimuuliza kama anangoja gharika au anaoa tena.

Mama yake Sekela, Atuganile, alifika kumlea binti yake siku moja kabla ya uchungu. Kitu cha kwanza alichotazama ni upenu. Aliona kuku wawili na jembe bovu. Maneno yalimjaa kinywani, akayameza, kwa sababu huko ni mwiko mama mkwe kusemezana na mkwewe. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu, na mtu akikosekana, hulipitisha kwa chochote kilicho karibu.

Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kike, mdogo kama kiganja. Kulipokucha, Ambilikile aliangusha mti mzima wa mwati ukiwa na majani yake, akaleta magogo yanayovuja maji, akayasukuma kupitia mlangoni huku ameugeuza uso, kama adabu inavyotaka. Atuganile akayapanga mafigani, akapuliza mpaka kizunguzungu kikamshika. Kuni zikalia, zikatoka povu miishoni, na moshi ukashuka kutoka darini ukakaa juu ya kitanda cha mzazi kama mgeni asiyeaga.

"Wewe chungu," Atuganile akasema kwa sauti ya kusikika nje, "mwambie mwenye nyumba tunataka joto. Hatukaushi samaki humu."

Nje, Ambilikile alimgeukia mbwa wake. "Mwambie mgeni wetu kwamba moto mkubwa huanza na moshi."

"Chungu, mwulize huo moshi utakwisha mtoto akiwa na meno?"

Jibu la Ambilikile lilikuwa gogo jingine, bichi kuliko la kwanza. Kila kikohozi kilichotoka ndani alikielewa kuwa kinasema kuni hazijatosha. Akaongeza. Atuganile alitoa gogo, gogo likaingia. Alitoa tena, likaingia tena. Aliulaani mwati, akakilaani chungu kisichojua kufikisha ujumbe, akajilaani mwenyewe aliyepokea mahari ya mtu huyu. Sekela alikuwa amejifunika kanga usoni, macho yamevimba, haoni hata mahali pa kumnyonyesha mwanawe.

Kisha mtoto akaacha kukohoa. Atuganile alimshika miguu. Ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

Hakumtafuta mtu wa tatu. Alimfunga mtoto kifuani ndani ya blanketi, akamwinua Sekela kwa mkono, akatoka nao mlangoni mpaka mbele ya uso wa mkwewe. Ambilikile aliduwaa, akatafuta pa kutazama, akapakosa.

"Lakini mama," akasema, naye hajawahi kumwita hivyo ana kwa ana, "si zinawaka?"

Atuganile alimwinulia uso wake, mwekundu, unaotiririka machozi. "Zinawaka, Ambilikile. Tazama. Zinawaka machoni."

Akampita, akavuka ua kwenda kwa Asajile. Huko moto ulikuwa mdogo tu, wa vipande vichache vikavu, hauna kelele wala moshi. Walimweka mtoto karibu nao, wakamsugua miguu, Sekela akimwita kwa sauti ya chini bila kukoma. Walisugua muda mrefu. Hatimaye mtoto alikunja uso, akalia kwa hasira ya kweli, akatafuta ziwa la mama.

Wanawake waliokuja kutoa pole walilisikia neno la Atuganile kutoka kwa Sekela, na kabla ya jua kuzama lilikuwa limefika kisimani. Tangu hapo, mtu akingoja siku ya haja ndipo ashike shoka, akiwaumiza wale wale anaodhani anawatendea mema, huambiwa: kuni mbichi huwaka machoni.

Lakini siku ile Atuganile alikuwa bado hajamaliza. Ukungu ukipanda, alisema, atamchukua binti yake na mjukuu awarudishe kwake, maana mzazi asiyepata joto kwa mumewe hulipata kwa mama yake. Ambilikile alilisikia hilo akiwa mlangoni pa Asajile. Alivua kofia. Safari hii hakumtafuta mbwa.

"Mama, usiwachukue. Waache hapa kwa mzee mpaka mtoto apate nguvu. Mwati nilioukata leo naupasua leo, naupanga upenuni, na hautaingia ndani mpaka ukauke. Kila ukuni mtakaochoma hapa nitamrudishia mzee, mkavu kama alivyoutoa. Na wewe Sekela, nakuahidi mbele ya mama yako: hutalia tena kwa moto wangu."