Chura Alivyojifunza Kuitika

Zamani hizo chura alikuwa bubu. Mnashangaa, nyinyi mnaomlaumu kila masika kwa kuwanyima usingizi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mvua ilinyesha, madimbwi yakajaa, naye akakaa kimya kama jiwe la jikoni. Watu na wanyama walikuwa bado wanatembeleana na kupashana habari, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema isipokuwa yeye.

Siku hizo, kwenye miteremko ya mlima Rungwe, palikuwa na shule ya mianzi katikati ya migomba. Mwalimu wake aliitwa Tusajigwe. Kila asubuhi alianza kwa kuita majina ya watoto, yote kutoka kichwani, nao wakaitika mmoja mmoja kwa adabu, "Nipo." Wote, yaani, ila Lugano. Msichana huyo jina lake likitajwa alivuta pumzi, akajaza mashavu, akatunisha shingo, halafu akaachia sauti iliyowatawanya kuku uani. Wala hakuwa mtundu. Alizaliwa na sauti kubwa, basi, na kila alipojaribu kuipunguza alihisi anataka kupasuka.

"Lugano mwanangu," mwalimu alimwambia, "tunataka kujua waliomo darasani, si walioko ng'ambo ya mlima."

Darasa zima likaangua kicheko, naye Lugano akacheka pamoja nao. Lakini njiani kurudi nyumbani alijiuliza kama iko siku mtu atafurahi kumsikia.

Mwaka mmoja kiangazi kikawahi. Dimbwi la nyuma ya shule, ambamo Mama Chura alikuwa ametaga, likaanza kukauka, na viluwiluwi wake wakabaki wakigaagaa topeni. Mama Chura akaja mpaka mlangoni mwa darasa, akakaa. Kuomba hakuweza, ila macho yale makubwa yalieleza yote. Mwalimu akawatoa watoto na vibuyu, wakawachota viluwiluwi wote na kuwatia kwenye chungu kipana mbele ya darasa.

"Nenda mtoni ukapumzike, mama mwenzangu," Mwalimu Tusajigwe akamwambia. "Tutakulelea. Wakishaota miguu yote, njoo uwachukue."

Basi masomo yakapata mshindani. Watoto walibadilisha maji, wakaleta majani ya mboga yaliyochemshwa yakalainika, na wakagombana sana juu ya nani ni wa nani. Lugano alimchagua mnene kuliko wote, akamwita Tumbo. Halafu wakalalamika kwamba si haki wageni kukaa darasani bila kuitwa majina, na mwalimu, ambaye kusema kweli naye alikuwa ameshanogewa, akakubali. Ikawa kila asubuhi wanaitwa watoto, kisha wanaitwa viluwiluwi, na kila mtoto anamwitikia wake. Lugano alipomwitikia Tumbo, maji ya chunguni yalitikisika.

Miguu ya nyuma ikachomoza, na baadaye ya mbele. Kisha Tumbo akagoma kula. Lugano akalia machozi ya kweli, akidhani amemuua.

"Hana ugonjwa," mwalimu akamtuliza. "Anaumaliza mkia wake kwanza. Aliyeshiba utamlisha nini?"

Na kweli, mkia ulikuwa unafupika, na Tumbo mwenyewe alikuwa mzima kabisa. Lugano akapangusa pua akaanza kujisifu.

Kosa walilofanya lilitokana na huruma. Waliona vyura wadogo wanahangaika kuogelea bila pa kupumzikia, wakawatafutia jiwe zuri, refu, lililofika hadi ukingoni mwa chungu. Wakalitazama wakaridhika. Hakuna aliyewaza kwamba wamewajengea ngazi.

Asubuhi iliyofuata chungu kilikuwa na maji na jiwe tu.

Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma, na ngozi changa ya chura haivumilii jua. Watoto wakakimbilia migombani, mwalimu akawazuia wasije wakawakanyaga waliokuwa wanawatafuta. Wakaita majina mpaka wakachoka. Katikati ya fujo hiyo akatokea Mama Chura, maana ndio wakati aliokuwa ameambiwa aje. Akachungulia chunguni. Kisha akawageukia watoto, akawatazama mmoja mmoja, bila sauti. Lugano aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake.

"Mwalimu," akasema, "hebu tuite majina kama kila siku, ya kwetu kwanza, kisha yao. Labda wamezoea hivyo."

Mwalimu hakuwa na wazo jingine. Akasimama karibu na chungu, akaita, na watoto wakaitika mmoja mmoja. Lilipofika jina la Lugano, alijaza mashavu, akatunisha shingo, akaitika kwa nguvu zake zote. Kuku wakatawanyika. Mwishowe mwalimu akamwita Tumbo, na safari hii Lugano akafumba mdomo, jambo lililomshinda siku zote. Pakawa kimya.

Kutoka shinani mwa mgomba ikatoka sauti nene, ya kukwaruza, kubwa mno kwa mwenyewe. Tumbo alikuwa amekaa chini ya jani kavu, koo limevimba vilevile kama la Lugano. Sauti ya Lugano ndiyo aliyoisikiliza tangu chunguni. Kuitika kwa namna nyingine hakukujua. Mwalimu akaita jina la pili, likaitikiwa kwenye majani. La tatu likaitikiwa nyuma ya kinu. Watoto wakawa wanafuata sauti na vibuyu, wanacheka na kulia. Mama Chura naye akavimbisha koo, akajaribu, ikatoka. Aliposikia sauti yake mwenyewe alirukaruka uani kama mwari siku ya kutolewa ndani.

Wakawasindikiza mpaka mtoni, na kabla hawajarudi mvua iliwalowesha chapachapa.

Na tangu siku hiyo, chura hawezi kuitika bila kutunisha koo. Mvua ya kwanza ikinyesha mmoja huanza, mwingine akafuata, kila mmoja kwa zamu yake, maana wanaitana majina. Ukiwasogelea hunyamaza ghafla; wamedhani ni mwalimu anaingia. Ukipita, huendelea. Na pale miteremkoni, mvua hiyo inapoanza, watu husimama mlangoni na mtoto mwenye sauti kubwa kuliko wote nyumbani. Siku hiyo hakuna anayemwambia apunguze. Humwacha ajaze mashavu, awaitikie vyura: "Nipo!"